Amarone na ndugu zake: chupa ipi uanze nayo, ipi uiache rafuni

Kwenye duka moja la mvinyo mjini Verona, kaskazini mwa Italia, nilikuta chupa tatu zimepangwa bega kwa bega. Zote nyekundu, zote zimeandikwa Valpolicella, jina la vilima vilivyo karibu na mji huo, zote za familia moja. Ya kwanza euro 9, ya pili 18, ya tatu, Amarone, 45. Zabibu ni zilezile na vilima ni vilevile. Nikamuuliza muuzaji tofauti iko wapi, naye akanyoosha kidole juu, kuelekea dari.

Sikumwelewa mpaka Januari iliyofuata, nilipopanda ngazi za ghala la familia moja huko Negrar. Juu ya zizi la zamani kuna chumba kirefu chenye madirisha pande zote mbili, wenyewe wanakiita fruttaio. Ndani yake kuna chanja za matete zimepandana ghorofa kwa ghorofa, na juu ya chanja vimelazwa vichala vya zabibu, safu moja moja, visigusane. Aliyewahi kuona dagaa wakianikwa kando ya Ziwa Victoria asingeshangaa sana, isipokuwa hapa jua haliruhusiwi kuingia. Kinachokausha ni hewa tu. Harufu yake ni ya tende na majani makavu. Mzee wa nyumba alikuwa akipita taratibu na mkasi mdogo. Akaokota kichala, akakigeuza, akaminya punje moja: likatoka tone zito kama sharubati, likaning'inia kwenye kidole bila kudondoka. Kichala cha jirani kilikuwa na ukungu wa kijivu, doa lisilozidi sarafu. Akakitupa chote kwenye ndoo bila hata kusita.

Ndoo ile ndiyo sehemu ya bei ambayo muuzaji hakunieleza.

Hesabu nyingine za Amarone, mvinyo mkavu wa zabibu zilizoanikwa, ni hizi. Zabibu, hasa aina ya Corvina pamoja na Corvinone na Rondinella, huchumwa kwa mkono mwishoni mwa Septemba na mwanzoni mwa Oktoba. Huchaguliwa vichala ambavyo punje zake hazikubanana, ili hewa ipite katikati. Hukaa ghalani siku 100 mpaka 120 hivi na kupoteza theluthi ya uzito wake, mara nyingine zaidi. Sheria ya eneo inataka zisikamuliwe kabla ya tarehe 1 Desemba, na katika kila kilo 100 za zabibu mbichi usitoe zaidi ya lita 40 za mvinyo. Maana yake chupa moja ya mililita 750 imekula karibu kilo mbili za zabibu. Kukamua kwenyewe kunafanyika katikati ya baridi, kwa hiyo mvinyo huchachuka pole pole, wiki baada ya wiki. Baada ya hapo unaingia kwenye mapipa ya mwaloni: miaka miwili kwa uchache, ikihesabiwa tangu Januari inayofuata mavuno. Familia za mtindo wa zamani huzidisha hapo mara mbili, tatu.

Kwa hiyo unachonunua ni muda. Nimepanga chupa hizi kwa swali moja tu: kwa pesa uliyotoa, muda umeingia kweli ndani ya chupa, au umeandikwa tu kwenye lebo? Bei ninazotaja ni za Italia. Ukinunulia Nairobi au Dar es Salaam, ongeza ushuru, usafiri na moyo wa muuzaji.

Ya kwanza: Amarone Classico ya familia, iliyokaa kwenye mapipa makubwa

Wengi watakushauri uanze na Ripasso, ndugu mdogo wa Amarone, kwa kuwa ni nafuu. Mimi sikubaliani nao. Ukianza na Ripasso hutajua inaigiza nini. Changeni watu wanne, nunueni chupa moja ya Amarone Classico ya euro 40 hadi 60, mjue kitu chenyewe.

Neno Classico si sifa ya kupamba. Linamaanisha zabibu zimetoka kwenye wilaya tano za asili: Negrar, Marano, Fumane, Sant'Ambrogio na San Pietro in Cariano. Nje ya hapo pia wapo mabingwa, Romano Dal Forno wa bonde la Illasi akiwa mfano mkubwa, lakini kwa mnunuzi mgeni neno hilo linapunguza bahati nasibu.

La pili ni pipa. Kuna wanaotumia mapipa madogo ya lita 225, ya mwaloni wa Ufaransa, ambayo huupa mvinyo harufu ya vanila na moshi kwa haraka. Wengine hutumia mapipa makubwa ya maelfu ya lita, ya mwaloni wa Slavonia kule Kroatia, yaliyozeeka kiasi kwamba hayatoi ladha yoyote ya mbao. Kazi yake ni kuuacha mvinyo upumue kidogo kidogo. Mimi ni mtu wa pipa kubwa. Ndogo ikizidi, nakunywa fenicha.

Majina ya kutafuta: Speri, na shamba lao la Sant'Urbano huko Fumane, Tedeschi, Tommasi, familia iliyoanza mwaka 1902. Bertani ina Amarone yenye subira kuliko nyingi, hukaa kwenye mapipa makubwa miaka kadhaa kabla ya kuuzwa, na ya kwanza ilikuwa ya mavuno ya 1958. Siku hizi Bertani si mali ya familia tena, lakini mtindo wameulinda.

Mwaka wa mavuno uangalie. 2015 na 2016 ni miaka ya kununua ukiwa umefumba macho. 2014 ilinyesha mpaka baadhi ya familia zikaamua kutotengeneza Amarone kabisa, maana zabibu iliyolowa ikipelekwa ghalani huoza badala ya kukauka. Nyumba iliyokubali kuruka mwaka mzima bila kuuza chupa yake ya gharama, mimi huiamini kwa miaka mingine yote.

Ladha yake? Tende, cheri kavu, kahawa chungu, karafuu kwa mbali, na mwishoni uchungu kidogo kama wa kokwa ya lozi. Kilevi ni asilimia 15 au 16, wakati mwingine 17. Si mvinyo wa kupoza kiu.

Ya pili: Ripasso

Anayejua kukuna nazi ataielewa Ripasso kwa sentensi moja: ni tui la pili. Amarone ikishakamuliwa, yanabaki machicha ya zabibu, maganda ambayo bado yana sukari na rangi. Mvinyo wa kawaida wa Valpolicella, uliotoka kwenye zabibu ambazo hazikuanikwa, humiminwa juu ya machicha hayo ukakaa siku kadhaa. Unachachuka tena, unaongezeka mwili, unachukua harufu ya kaka yake. Desturi ni ya zamani, ila kampuni ya Masi, ya familia ya Boscaini, ndiyo iliyoifanya ijulikane kwa Campofiorin ya mavuno ya 1964.

Na kama tui la pili lilivyo, ubora wake unategemea umekamua kiasi gani mara ya kwanza. Nyumba iliyoyakamua maganda mpaka yakalia haina cha kumpa Ripasso. Ndiyo maana nunua Ripasso kwa mtu ambaye Amarone yake unaiheshimu. Kwa euro 15 hadi 25 utapata chupa inayokwenda vizuri na chakula cha jioni bila kuwalaza watu mezani. Hii ndiyo ninayoinunua mwenyewe mara nyingi zaidi. Zenato wana yao wanayoiita Ripassa, inapatikana nchi nyingi, na sijawahi kuijutia.

Ya tatu: Recioto, chupa ndogo

Hapa ndipo ukoo ulipoanzia. Kabla ya Amarone kulikuwa na Recioto, mvinyo mtamu wa zabibu zilizoanikwa. Jina linatoka kwenye neno la lahaja ya Verona, recie, yaani masikio: zile sehemu mbili za juu za kichala zinazopata jua zaidi. Mvinyo mtamu wa Verona wa namna hii ulisifiwa na Cassiodorus, waziri wa mfalme Theodoric, huko nyuma karne ya 6. Amarone ni Recioto iliyotoroka, kwa maana uchachu haukusimama mahali pake na sukari yote ikaliwa. Wanasimulia kwamba mwaka 1936 mtunza mapipa wa ushirika wa Negrar, Adelino Lucchese, alikuta pipa lililosahauliwa, akaonja, akasema hii si chungu tu, hii ni chungu kubwa. Amarone ndiyo hiyo, uchungu uliokuzwa.

Recioto huuzwa mara nyingi kwa chupa za mililita 375 au 500. Mtu anayesema hapendi mvinyo mwekundu kwa sababu unakausha mdomo, mpe hii na kipande cha chokoleti nyeusi. Mama mmoja aliyeniambia mvinyo wote una ladha ya dawa alirudisha glasi iongezwe.

Ya nne: Sforzato di Valtellina

Hii ni ya Lombardia, karibu na mpaka wa Uswisi, kwenye miteremko ya ngazi za mawe ambako mashine haipandi. Zabibu yake ni Nebbiolo, huko wanaiita Chiavennasca. Zinaanikwa vivyo hivyo, lakini mvinyo unatoka mkavu zaidi na mwembamba zaidi, wenye makali. Nino Negri ndilo jina rahisi kulipata. Ingekuwa juu zaidi kwenye orodha yangu kama ingepatikana kirahisi nje ya Ulaya.

Ya tano: Riserva na chupa za magwiji

Riserva, yaani Amarone iliyozeeshwa zaidi, lazima ikae angalau miaka minne. Nzuri, ila bei hupanda haraka kuliko ladha. Na juu ya Riserva kuna Giuseppe Quintarelli. Mzee huyu wa Negrar alifariki mwaka 2012, familia yake inaendelea. Amarone yao hukaa kwenye mapipa makubwa karibu miaka saba au nane, na lebo zake zinaonekana kama zimeandikwa kwa mkono na babu anayekuandikia barua. Ni mamia ya euro kwa chupa. Nimeionja mara moja, kidole kimoja cha mvinyo kwenye glasi kubwa, na nilinyamaza dakika nzima. Lakini huu ni mwongozo wa kununua, na mimi sijawahi kuinunua.

Za kuacha rafuni

Kuna Amarone za chini ya euro 20 kwenye supamaketi. Rudi kwenye hesabu ya kilo mbili za zabibu, siku mia za ghala na miaka miwili ya pipa, halafu ujiulize nani amekubali kula hasara. Hakuna. Zabibu zilikuwa hafifu tangu shambani. Kwa pesa hiyohiyo chukua Ripasso nzuri.

Pia utaona chupa, nyingi za Puglia, kusini mwa Italia, zimeandikwa Appassimento kwa herufi kubwa. Neno hilo lina maana ya kuanika zabibu tu, si jina la mahali wala ahadi ya ubora. Nyingi zina utamu uliobakizwa makusudi ili zipendwe haraka. Kwa nyama choma na kelele za wageni zinafaa, ila usizilipie kama Amarone.

Kabla hujatoa pesa

Angalia shingo ya chupa. Amarone, Recioto na Sforzato zote ni za daraja la DOCG, la juu kabisa kwa mvinyo wa Italia, kwa hiyo lazima ziwe na ukanda wa karatasi wa serikali ya Italia wenye namba. Usipouona, rudisha.

Kisha angalia chupa imeishi wapi. Niliwahi kununua Amarone ya bei mbaya kwenye duka moja la Dar es Salaam, ikiwa imesimamishwa kwenye kioo cha mbele, taa juu, jua la saa nane ubavuni. Nilipobandua kifuniko cha juu nikakuta kizibo kimejisukuma nje kama milimita mbili na kando yake kuna utando wa kunata. Ndani, jamu iliyoungua. Muuzaji akaniambia ndivyo ilivyo, ni ya zabibu kavu. Tangu siku hiyo napapasa juu ya chupa kwa kidole gumba kabla ya kulipa. Ikiwa imevimba, naiacha. Na naomba ile iliyo ndani kwenye boksi, si ya maonyesho.

Nyumbani, watu wanaposema mvinyo mwekundu unywewe kwa joto la chumba, wanamaanisha chumba cha Verona chenye nyuzi 16 hadi 18, si sebule ya Mombasa. Iweke kwenye friji nusu saa au zaidi, ifungue saa moja kabla, mimina kidogo kwenye glasi kubwa. Chupa moja inatosha watu watano au sita. Nyama iliyopikwa polepole, mkia wa ng'ombe kwa mfano, ndiyo mwenzake. Ikibaki nusu, izibe na uirudishe kwenye friji, kesho yake haina neno.

Watu wa Verona hupikia pia wali, risotto all'Amarone, na wali unatoka zambarau tupu. Nilijaribu kwa Ripasso, maana kumwaga Amarone sufuriani siwezi. Ulinoga. Mama alipoona picha kwenye simu aliuliza kama sufuria ina kutu.