Schwinn Varsity ya 1971: chuma ambacho wakusanyaji wanakipita

Nianze na uzito, maana kila anayeinyanyua huuliza hilo kwanza. Varsity yangu, baiskeli ya gia kumi ya kampuni ya Schwinn ya Marekani, ina karibu kilo 17, na hapo haina madigadi wala karia. Ukitaka kuitundika ukutani, hakikisha msumari umeshika mbao.

Niliipata kwa dola 60, nje kidogo ya Chicago, kwa mzee aliyekuwa anauza vitu vyake mbele ya gereji. Kando yake palikuwa na Schwinn nyingine ya miaka ya 1950, ile ya matairi manene, tangi lake la mapambo katikati ya fremu limebonyea na kiti hakipo, na watu walikuwa wanaigombania. Hii ya njano hakuna aliyeitupia jicho. Ndivyo mambo yalivyo kwa wanaokusanya baiskeli kuukuu za Marekani. Pesa hukimbilia Schwinn Black Phantom yenye honi ndani ya tangi, Elgin Bluebird zilizouzwa na maduka ya Sears kabla ya Vita vya Pili vya Dunia, au zile Schwinn Krate za mwaka 1968 hadi 1973 zenye gurudumu dogo mbele. Varsity hudharauliwa kwa kuwa zilitengenezwa nyingi mno. Kwangu mimi wingi huo ndio unaoifanya ifae: spea zake zimejaa, bei iko chini, na ukiikwaruza hujaharibu urithi wa taifa.

Kampuni ilianza Chicago mwaka 1895, ya Ignaz Schwinn, fundi aliyetoka Ujerumani, na mshirika wake Adolph Arnold. Mwaka 1933 ndio walioleta matairi manene ya inchi 2.125, na kuanzia hapo baiskeli ya Kimarekani ikawa chombo cha mtoto anayesubiri umri wa kuendesha gari: nzito, imepambwa, ina gia moja na breki ya kukanyagia nyuma. Baiskeli ya kuhamisha cheni kutoka gia hadi gia ilikuwa ya wanamashindano au ya kuagiza Ulaya. Varsity ya gia nane ilitoka mwaka 1960, na mwaka uliofuata zikawa kumi. Ghafla kijana wa shule aliweza kupata usukani uliopinda chini kama wa wakimbiaji, kwenye duka lilelile alikonunuliwa baiskeli yake ya kwanza. Mwaka 1973, kilele cha homa ya baiskeli, Wamarekani walinunua karibu baiskeli milioni 15 kwa mwaka mmoja. Hii yangu ni ya mwanzoni mwa homa hiyo, na ilipokuwa mpya iliuzwa chini ya dola 100.

Sasa fremu, na hapa nitakawia kidogo. Tazama mirija inapokutana chini ya usukani. Baiskeli nyingi za gia kumi za zama zile zina vikombe vya chuma vilivyoshikilia maungio, au walau utaona mahali fundi alipochomelea. Hapa huoni kitu. Mrija mmoja unamwagikia kwenye mwingine. Schwinn walinunua chuma bapa, wakakiviringisha na kukiunga kuwa mirija humohumo kiwandani. Kichwa cha fremu, yaani mrija mfupi wa mbele unaobeba usukani, kilikandamizwa kwa mashine kutoka vipande viwili, kikaachiwa vishina vifupi vinavyochomoza. Mrija ukasukumwa uso kwa uso na kishina, umeme mkubwa ukapitishwa, ncha zikayeyuka, zikabanwa pamoja. Kisha mabaki yakasagwa na rangi ikapigwa. Kazi ya sekunde chache, na kiungo hakitoki.

Lakini njia hiyo ina sharti lake. Mrija mwembamba ungeungua kwa umeme wa namna ile, hivyo ilibidi chuma kiwe kinene. Kilo 17 zimetoka hapo. Watu husema Schwinn hawakujua kutengeneza baiskeli nyepesi, na hilo si kweli: tangu mwaka 1938 walikuwa na Paramount, iliyounganishwa kwa mkono na mafundi wachache, nyepesi kwa kilo kadhaa na ghali mara kadhaa. Varsity ilipimwa kwa kipimo kingine. Ilitakiwa itoke kwa maelfu, iangushwe kwenye nyasi na mtoto wa miaka 14, ilale nje kwenye theluji, halafu irithiwe na mdogo wake. Zaidi ya miaka 50 baadaye fremu yangu imenyooka na sijaona ufa popote.

Stendi nayo imejengwa ndani ya fremu, ina springi yake iliyofichwa kwenye kimrija kilichochomelewa karibu na pedeli. Inasimama imara kuliko stendi yoyote ya kufunga kwa bolti niliyowahi kutumia. Wenye haraka ya kupunguza uzito hujaribu kuing'oa. Pini yake ni ngumu na inahitaji kifaa maalumu, iacheni.

Mikono ya pedeli ni kipande kimoja cha chuma, kimepita katikati ya fremu kutoka upande huu hadi ule. Huhitaji vifaa vya ajabu kuifungua: spana kubwa, bisibisi na tambara. Ila nati ya upande wa kushoto inafunguka kinyume. Mtu akilalamika kwako kwamba imeganda, muulize kwanza anazungusha kuelekea wapi. Ndani utakuta gololi na girisi iliyokauka. Safisha, paka mpya, rudisha, na umeimaliza kabla chai haijapoa.

Kwa upande wa gia, kihamisha cheni cha nyuma ni cha Huret kutoka Ufaransa, kimegongwa maandishi ya Schwinn Approved, yaani kimeidhinishwa na Schwinn. Kina viungo vingi na kila kimoja kinataka tone la mafuta. Kikishapata, kinafanya kazi kwa uvivu lakini kinafanya. Vijiti vya gia viko kwenye shingo ya usukani, mahali pazuri kwa mkono na pabaya kwa kifua ukianguka.

Breki ndizo zinazonikera. Ringi ni za chuma cha kromu, zinang'aa vizuri juani, na mvua ikinyesha raba za zamani huteleza juu yake bila kushika chochote. Unabana, unasubiri, unaomba Mungu, ndipo baiskeli inaanza kufikiria kusimama. Vile vishikio vya ziada vilivyowekwa ili ubane ukiwa umekaa wima vinapinda kabla ya kubana; mimi nimeviondoa. Nilibadilisha waya zote na kuweka raba za Kool-Stop zile za rangi ya samoni, hali ikawa nafuu kubwa. Nafuu, nasema. Siku ya mvua bado naacha nafasi pana mbele yangu.

Barabarani, kwenye tambarare, ni raha. Inakwenda mbele bila kuyumba, lami mbovu inaipita chini kwa mlio tu, na ikishashika mwendo haitaki kuupoteza. Mlimani ni habari nyingine. Gia nyepesi kabisa ni meno 39 mbele na 28 nyuma, na kwa kilo hizi miguu inalijua hilo mapema. Chicago ni bapa kama sinia. Nashuku waliobuni baiskeli hii hawakuuona mlima kwenye njia yao ya kwenda kazini.

Matairi yake ni ya inchi 27 kwa 1 1/4, na bado yanatengenezwa. Nalitaja kwa sababu Schwinn nyingine zina mtego hapa. Ringi zao za S-7, za baiskeli za unene wa kati, zinataka tairi lililoandikwa 26 x 1 3/4. Lililoandikwa 26 x 1.75 halitaingia ng'o, ingawa kwa hesabu namba ni ileile: kipenyo cha mahali tairi linapokaa kwenye ringi ni milimita 571 kwa la kwanza, 559 kwa la pili. Soma namba ya sehemu (1 3/4), usisome desimali (1.75).

Kujua umri wake, angalia upande wa kushoto wa kichwa cha fremu. Kuanzia mwaka 1970 namba ya fremu ilihamia hapo. Herufi ya kwanza ni mwezi, ya pili ni mwaka, ambapo A ni 1965. Yangu inaanza na CG, yaani Machi 1971. Rangi ni ile njano waliyoiita Kool Lemon, na sitaipaka upya hata ikichubuka zaidi. Kromu niliisugua kwa karatasi ya alumini iliyolowa maji, kutu ikatoka.

Uzalishaji wa Chicago ulidhoofika baada ya mgomo wa mwaka 1980, Varsity yenyewe ikakoma 1986, na kampuni ikafilisika 1992. Kwa hiyo wauzaji siku hizi huandika neno "adimu" kwenye kila kitu chenye nembo ya Schwinn. Varsity safi inayotembea ilipe dola 100, au 150 kama haina kutu kabisa na matairi ni mapya. Kabla ya kutoa pesa, chuchumaa utazame foki kwa pembeni, kisha pitisha kidole chini ya mrija mkubwa, karibu na kichwa. Ukihisi rangi imekunjamana, imeshagonga kitu kwa nguvu. Irudishe ilipokuwa, uende gereji inayofuata, utaikuta nyingine.