Utafiti wa elimu ya fedha: kubisha hodi au kupiga simu?

Ukitaka kujua kama kaya za Tanzania zinaelewa riba, na kama zinajua pa kulalamika zikidhulumiwa, njia ni mbili: kuwafuata watu nyumbani au kuwapigia.

Simu ni ya haraka. Wadodosaji wachache wanakaa ofisini Dar es Salaam, majibu ya Kigoma na Mtwara yanaingia siku hiyohiyo. Lakini asiye na simu haonekani kabisa. Tena watu wamechoshwa na ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii". Mgeni akupigie akuulize una akiba kiasi gani? Utakata, na una haki.

Hodi ina gharama: nauli, posho, mafunzo, siku nyingi. Ila sampuli inachotwa kwenye maeneo ya kuhesabia watu ya Sensa ya 2022, hivyo hata kaya isiyo na simu inaweza kuchaguliwa. Pale Manzese, mama muuza vitumbua tulimuuliza kama ana mkopo, akasema hana. Tulipokaa kidogo akafungua pindo la khanga, akatoa kijikaratasi cha kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye masharti ya kuumiza: marejesho ya kila siku yameandikwa, riba haipo popote. Kwenye simu tungejaza "hana".

Mimi nachagua hodi, na mwanamke ahojiwe peke yake, mume asiwepo sebuleni. Simu itumike baadaye, kuwarudia walewale baada ya miezi sita, maana hapo sauti yetu wameshaizoea.