TAHADHARI: Duka la mtandaoni linalouza "vibali vya barabara" vya Uswisi na Italia

Ndugu zangu mlioko Ulaya, na nyie mnaokuja kututembelea, naomba msome hii kabla hamjalipa chochote.

Likizo zinakaribia na watu wameanza kupanga ile safari ndefu ya gari: kuanzia maziwa ya milima ya Alpi, Lucerne, Lugano, Como, halafu kuishukia Italia yote mpaka pwani ya Calabria. Ni safari nzuri mno. Ila kuna duka la mtandaoni linalowavizia watu wa njia hii hii, na limeshakula hela za mtu wangu wa karibu, dada anayeishi Stuttgart, aliyekuwa akimsubiri kaka yake kutoka Dar ili wapokezane usukani. Maduka ya aina hii hubadili jina na anwani kila yanaposhtukiwa, kwa hiyo nawaeleza mbinu zake ili mlitambue hata likija na sura nyingine.

Ukitafuta vinyeti ya Uswisi, yaani ile stika ya kuruhusiwa kwenye barabara kuu, kinachotangulia juu kabisa ni tangazo la kulipiwa. Ukilifungua unakuta msalaba mweupe kwenye wekundu, picha ya ziwa, na fomu safi kabisa. Unajaza namba ya gari, nchi, tarehe. Bei kamili haionekani mpaka ukurasa wa mwisho, na hapo kuna mstari mdogo wa kijivu, chini ya kitufe cha kulipa, unaotaja "ada ya huduma". Dada alilipa zaidi ya mara mbili ya bei halali. Alipoandika kudai arudishiwe, alijibiwa kwamba huduma imeshatolewa.

Bei halali ni faranga 40 za Uswisi, basi. Hakuna ya siku 10 wala ya wiki, ni ya mwaka tu, na inaanza kutumika tarehe 1 Desemba ya mwaka uliotangulia mpaka 31 Januari ya mwaka unaofuata. Tangu Agosti 2023 inapatikana pia kwa njia ya kielektroniki, ikifungwa kwenye namba ya gari, na duka la serikali lenyewe ni via.admin.ch. Ukikamatwa huna, faini ni faranga 200 na vinyeti utainunua vilevile. Kumbuka pia kwamba duka la kati kama hilo likikosea herufi moja ya namba ya gari yako, wewe ndiye unayeonekana hujalipa. Na kama gari mnalikodi Uswisi kwenyewe, kwa kawaida linakuwa nayo tayari, waulizeni wenye gari kabla ya kununua ya pili.

Kilichoniuma zaidi ni bidhaa ya pili. Duka lile lilimuuzia "vinyeti ya Italia, siku 10". Karatasi ya PDF, bendera, msimbo wa kuskani, kila kitu. ITALIA HAINA VINYETI. Barabara zake nyingi za kasi zinalipiwa kwa umbali: unachukua tiketi kwenye kizuizi unapoingia, unalipa unapotoka. Familia ilifika kwenye kizuizi cha malipo kusini mwa Milano, dada akasogeza simu kwenye mashine akidhani itasoma ule msimbo, magari nyuma yanapiga honi, watoto wanalia. Mwishowe wakabonyeza, wakachukua tiketi kama watu wote, na safari nzima wakalipa upya.

Tiketi hiyo itunzeni. Ukiipoteza unahesabiwa kama umetokea mlango wa mbali kuliko yote. Njia zenye alama ya njano ya Telepass, yaani za kulipa kwa kifaa cha ndani ya gari bila kuchukua tiketi, msiingie kama hamna kifaa hicho. Barabara ya A1, kutoka Milano hadi Napoli, ni kama kilomita 760 na inalipiwa. Lakini A2, kutoka Salerno hadi Reggio Calabria, kilomita zaidi ya 400 za milima na bahari, ni BURE. Duka lile limeiweka kwenye orodha ya barabara "zilizojumuishwa" kwenye kibali chake. Huo ni wizi mtupu. Kuna pia barabara chache zisizo na vizuizi, kama Pedemontana Lombarda upande wa kaskazini mwa Milano, ambako kamera hupiga picha namba ya gari nawe unalipa mtandaoni ndani ya siku 15. Huko nako lipeni kwa mwendeshaji wa barabara mwenyewe, sio kwa mtu wa kati.

Austria, kwa watakaopitia Brenner, ile njia ya mlimani ya kuvukia kwenda Italia, ina vinyeti kweli, na mwenye kuiuza ni ASFINAG, shirika la serikali la barabara kuu za huko. Kipande cha Brenner chenyewe, A13, kina tozo yake ya pembeni. Ujerumani hakuna kabisa vinyeti kwa gari dogo la binafsi, kwa hiyo anayekuuzia ya Ujerumani ni tapeli.

Bidhaa ya tatu inawahusu hasa wanaotoka nyumbani: "leseni ya kimataifa ya kudumu miaka 10", kadi ya plastiki pamoja na nakala ya simu. Kaka mtu aliinunua kwa sababu leseni yake ni ya Tanzania. Kwenye kaunta ya kukodi gari yule mhudumu aliigeuza mara moja, akairudisha, akasema hii siyo kitu. Gari likaandikwa dereva mmoja tu, na dada akaendesha peke yake njia yote ile. Hapo ndipo hasira yangu ilipo, maana uchovu barabarani unaua.

Kibali halisi cha kimataifa ni kijitabu cha karatasi chenye picha na mihuri, hakizidi miaka 3, na kinatolewa katika nchi iliyokupa leseni. Kwa Tanzania na Kenya nendeni kwenye vyama vya magari, AA, kabla ya kupanda ndege. Kinabebwa pamoja na leseni yako, peke yake hakifai. Mwenye leseni ya nchi ya Umoja wa Ulaya hakihitaji kwa Uswisi, Austria wala Italia.

Kama mmeshalipa, pigieni benki leo hii muombe malipo ya kadi yapingwe, na wekeni picha za ule ukurasa wa mwisho pamoja na barua pepe zote. Ripotini polisi mtandaoni hapo mlipo. Halafu nunueni vinyeti halisi ya Uswisi kabla ya kuvuka mpaka, hata kama hela ya kwanza imeshaliwa. Mwenye picha za matangazo mapya ya namna hii aziweke hapa chini, tuyaripoti kwa wingi.