Tahadhari kwa Mabaharia: Mtu wa Getini Anayejua Jina la Meli Yako

Ndugu mabaharia, hasa mnaoshuka melini peke yenu,

Ninaandika kuwatahadharisha juu ya mtu anayesimama nje ya geti la bandari akiwa amevaa kizibao cha kuakisi mwanga na kadi inayoning'inia shingoni, ambaye hujitolea kumtembeza baharia mjini, kumtafutia laini ya simu na kumrudisha melini kwa wakati. Sitaitaja bandari yaliponikuta, kwa kuwa tangu siku ile nimesimuliwa mchezo huohuo na wenzangu waliokumbana nao kwingine kabisa, na nikitaja mahali pamoja msomaji anaweza kudhani kwamba pengine pote ni salama. Mtu huyo huwavuna watu kwa hofu yao ya kuachwa na meli, na mpini anaoushikia ni kibali chako cha kutoka bandarini.

Meli yetu ya makontena ilifunga gati alfajiri, na kwenye ubao ulio karibu na ngazi iliandikwa kwamba kila aliyeshuka awe amerudi saa kumi na moja jioni. Nilimaliza zamu saa mbili asubuhi. Rafiki zangu wawili niliozoea kushuka nao walikuwa wamepangwa kazi ya sitahani, mmoja mpaka mchana na mwingine mpaka usiku, na kwa meli za aina yetu, ambazo mara nyingi hazimalizi hata siku nzima gatini, anayengoja mwenzake huishia kuutazama mji kwa mbali tu. Kwa hiyo nilishuka peke yangu. Najua wapo watakaosema kwamba hilo ndilo lilikuwa kosa langu, lakini sikubaliani nao. Mtu aliyekaa miezi mitano akila, akifanya kazi na kulala pamoja na watu walewale ishirini ana haki ya kutembea saa chache bila kumsubiri wala kumweleza mtu yeyote, na nilichokitaka asubuhi ile kilikuwa kidogo sana: kuona mitaa ya zamani ya mji, kukaa mahali penye miti, na kupiga simu nyumbani nikiwa nimesimama juu ya ardhi isiyotikisika.

Inafaa kueleza kwanza kwa nini tapeli huchagua geti. Tangu Julai 1, 2004, zilipoanza kutumika kanuni za usalama wa meli na bandari zinazojulikana kama ISPS, watu wasio na kazi bandarini hawaruhusiwi kuingia ovyo na kuikaribia meli, na katika gati za makontena hata baharia mwenyewe haruhusiwi kutembea kwa miguu kati ya kreni na malori, bali hupandishwa basi dogo na kushushwa getini. Ni utaratibu mzuri, lakini unamaanisha kwamba mabaharia wote wa meli zote hutokea tundu moja, wengi wao wakiwa na dola mfukoni, bila laini ya simu ya nchi ile, na wakiwa wanatazama saa. Tapeli hana haja ya kumtafuta mtu, kwani hukaa pale kama mvuvi aliyetega wando akingoja maji yatoke.

Nilipotoka getini, mtu yule aliita jina la meli yangu, akaliita sawasawa, kisha akaniambia kwamba wakala wa meli, yaani anayeishughulikia meli inapokuwa bandarini, ndiye aliyemtuma. Hapo ndipo nilipolainika. Baadaye nilijiona mjinga, kwa sababu jina la meli si siri kwa mtu yeyote. Mkataba wa SOLAS, ule wa kimataifa wa usalama wa maisha baharini, unazitaka meli zenye ukubwa wa tani 300 na zaidi zinazosafiri kimataifa ziwe na kifaa cha AIS, kinachotangaza jina la meli, mahali ilipo na mwendo wake, na zipo tovuti zinazokusanya taarifa hizo ambazo mtu yeyote mwenye simu huzisoma bure. Mtu aliyeketi kwenye kiti cha plastiki nje ya bandari anaweza kujua meli ipi imefunga gati alfajiri, na kwa kuuliza kidogo akajua pia inatarajiwa kung'oa nanga saa ngapi. Kwa hiyo atakayekuita kwa jina la meli yako amethibitisha jambo moja tu, kwamba simu yake ina intaneti.

Nilimuuliza kituo cha mabaharia, mahali wanapohudumiwa mabaharia walioshuka nchi kavu, kiko wapi. Akanijibu bila kusita kwamba siku hiyo kimefungwa. Kumbe kilikuwa wazi, na gari lao lilipita pale getini mara mbili kabla ya adhuhuri, kama nilivyokuja kuambiwa na mpishi wetu aliyelipanda.

Tulipoingia garini aliomba kibali changu. Alisema kwamba laini ya simu haiuzwi bila kusajiliwa kwa kitambulisho, na kwa kuwa nchi nyingi zina sheria ya namna hiyo, maneno yake yaliniingia akilini. Nilimpa. Alikisoma, akakiinua juu kama anayelinganisha picha na uso wangu, halafu akakichomeka kwenye kile kibao cha kukinga jua kilicho juu ya kioo cha mbele, upande wake. Kwa muda wa saa nzima nilikuwa nikikiona, kona yake ya buluu ikichungulia, na kwa kuwa nilikuwa nikikiona sikuwa na wasiwasi. Bei nayo aliikwepa kwa heshima kubwa: kila nilipouliza alinijibu kwamba mimi ni ndugu yake, kwamba tutaelewana mwisho, na kwamba baharia hawezi kudhulumiwa na mtoto wa bandarini.

Mitaa ya zamani niliiona kupitia dirishani. Nilipelekwa kwenye duka la simu, kisha kwenye duka la vifaa vya elektroniki, kisha kwa mtu wa kubadilisha fedha aliyekuwa chini ya ngazi za jengo fulani, na kila mahali dereva aliingia kabla yangu akasemezana na mwenye duka kwa sauti ya chini. Mwenyeji asiyekuonyesha chochote ila makabati ya bidhaa, hapana shaka ana fungu lake katika kila unachonunua. Waswahili husema mtu ameingizwa mjini wakimaanisha ametapeliwa. Mimi siku ile niliingizwa mjini kwa maana zote mbili, na nauli nikalipa mwenyewe.

Ilipofika saa tisa na nusu nilimwambia anirudishe. Akageuza kibao kile cha jua, hakikuwa na kitu. Akapapasa chini ya kiti, akainua zulia la gari, akafungua droo na kuifunga, akajipiga paji la uso, kisha akasema kwamba kibali lazima kimebaki kwa yule mwenye duka la simu, ambalo sasa liko upande wa pili wa mji, na kwamba barabara saa hizi zimefungana. Aliniambia mwenyewe, bila mimi kumweleza, kwamba meli yetu inaondoka saa moja usiku. Kisha, kwa upole uleule wa asubuhi, akataja malipo: mzunguko wa siku nzima, saa za kungoja, na shukrani ya kijana atakayefuata kibali kwa pikipiki. Jumla yake ilizidi mara nane nauli halali ya safari ile, kama nilivyokuja kuijua baadaye. Nililipa. Kijana alitokea baada ya dakika nne, na pikipiki yake ilikuwa imeegeshwa kwenye kona niliyokuwa nikiitazama muda wote. Nilipanda ngazi ya meli zikiwa zimebaki dakika kumi na mbili.

Hasara ndogo zilifuata. Laini ya simu ilikuwa imesajiliwa kwa jina la mtu mwingine, ikanyamaza kabla mazungumzo ya nyumbani hayajafika mbali. Flashi niliyonunua ili kuhifadhia picha za safari ilijitambulisha kwenye kompyuta kuwa na nafasi kubwa sana, ila kila nilipozidisha mafaili kiasi fulani, yale ya mwanzo yalikuwa hayafunguki tena. Fundi wetu wa umeme alinieleza kwamba programu ya ndani ya flashi za namna hiyo huchezewa ili zitangaze nafasi ambazo hazina, na zikishajaa huandika juu ya vilivyomo, hivyo mnunuzi hugundua baada ya siku nyingi, akiwa bahari nyingine. Ipo programu ya bure iitwayo H2testw inayojaza flashi nzima na kuisoma upya, lakini kazi hiyo huchukua muda mrefu, na dukani hakuna atakayekungoja. Ushauri wangu ni kutonunua kabisa kifaa cha kuhifadhia kumbukumbu mahali ulikopelekwa na dereva.

Kwa wanaoshuka baada yangu, nina mambo machache ya kusisitiza. Kibali kionyeshwe kikiwa mkononi mwako, na mtu pekee wa kukabidhiwa ni ofisa wa geti au wa uhamiaji aliye ndani ya kibanda chake. Kama laini ya simu inahitaji kusajiliwa, ingia mwenyewe katika duka la kampuni ya simu, usimame mbele ya anayeandika, utoke nacho. Nauli ikubaliwe kabla ya mlango wa gari kufunguliwa, kwa kiasi na kwa aina ya fedha, na ijulikane kama ni ya kwenda tu au ya kwenda na kurudi. Dereva anayekataa kutaja bei kwa sababu wewe ni ndugu yake aachiwe undugu wake. Mkoba usiwekwe kwenye buti. Saa yako nayo iangaliwe, maana kuna meli zinazochelewa kubadilisha saa zake zifuate za nchi kavu, na mtu anaweza kuwa na saa nzima mkononi ambayo haipo kwenye ubao wa ngazini.

Kituo cha mabaharia ndicho mahali pa kwanza pa kuuliza, na kama mtu wa getini atakuambia kimefungwa, kipigie simu ukiwa bado melini. Mashirika ya Kikristo ya kuwasaidia mabaharia, Mission to Seafarers, lililoanza mwaka 1856, na Stella Maris, lililoanzia Glasgow mwaka 1920, yanahudumia bandari nyingi duniani, na katika nyingi ya hizo kuna gari la kuwachukua mabaharia, intaneti, na mtu wa kukuambia nauli ya kweli kutoka pale mpaka katikati ya mji. Hawaulizi dini yako. Mkataba wa Kazi za Mabaharia wa mwaka 2006, ulioanza kutumika Agosti 20, 2013, unasema katika kanuni ya 2.4 kwamba baharia apewe ruhusa ya kushuka nchi kavu kwa ajili ya afya na ustawi wake, kadiri kazi yake inavyoruhusu. Nalitaja hili kwa sababu matapeli hawa hupenda kumfanya baharia ajione kama mtu anayetembea mjini kwa kuibia, asiyeweza kumwita askari bila kujitia matatani. Saa zile ni zako kwa mujibu wa sheria. Pia ni saa unazozikata katika mapumziko yako, ambayo kwa mkataba huohuo hayapaswi kupungua saa 10 katika kila saa 24, kwa hiyo mtu anayekuzungusha madukani anakula na usingizi wako.

Nilitoa taarifa kwa ofisa wa zamu na kwa wakala, na walinzi wa geti wakaelezwa. Sijui kama mtu yule ameondolewa, wala kumwondoa si rahisi, kwa kuwa anasimama upande wa barabara ambao si wa bandari.

Jambo ninalotaka lifike mbali zaidi nililielezwa na wakala mwenyewe, nikiwa tayari nimeshalipa. Kabla ya meli kushusha mzigo, orodha ya wafanyakazi wake wote, yenye majina, uraia na namba za hati zao za kusafiria, huwa imekwisha wasilishwa kwa uhamiaji na nakala yake iko kwa wakala. Baharia aliyepotelewa na kibali akifika getini na kumpigia simu wakala, anaweza kutambuliwa kwa orodha hiyo. Ataulizwa maswali, atasainishwa karatasi, pengine nahodha atamkaripia, lakini mlango wa kurudi melini haumo mfukoni mwa dereva. Ningelijua hilo saa tisa na nusu, ningeshuka kwenye gari lile, nikachukua teksi nyingine na kumwachia kile kikaratasi. Namba ya wakala ilikuwa imebandikwa kando ya ngazi, na asubuhi ile niliipita bila kuinakili.