Seti ya kuinua pikapu kwa milimita 50: vyuma bora, maelekezo yenye upungufu

Seti ninayoizungumzia imetengenezwa kwa ajili ya pikapu za fo-bai-fo ambazo mbele kila gurudumu lina springi yake ya koili iliyovikwa kwenye shokomzoba, na nyuma zina ekseli nzima iliyoshikwa na springi za mabamba ya chuma. Kasha lake lina koili ndefu kuliko za kiwandani, shokomzoba nne zenye urefu unaolingana nazo, mafungu mawili kamili ya mabamba, yu-bolti mpya (bolti za umbo la U zinazofunga ekseli kwenye springi) na nati zake, bushi (mipira ya kwenye maungio), pamoja na vipande vya kushushia difu ya mbele, yaani kasha la gia linalogawa nguvu kwa magurudumu. Baada ya kuifunga na kuliendesha gari likiwa tupu na likiwa na mzigo, naona kwamba vyuma vyenyewe ni bora sana, ila kitabu cha maelekezo kimenyamaza kuhusu breki, na huo ni upungufu mkubwa kwa bidhaa inayobadilisha kimo cha gari.

Ubora wa seti hii unaonekana vizuri ukiulinganisha na njia ya bei nafuu, yaani kuweka pete nene juu ya shokomzoba ya zamani. Pete hiyo huongeza kimo tu. Shokomzoba inabaki na urefu ule ule, kwa hiyo gari likidunda kwa nguvu inaweza kugota ndani kabla mpira wa kuzuia mgongano haujafanya kazi. Na gurudumu likining'inia, bol jointi (viungio vya mviringo vya gurudumu) na ekseli fupi zinazozungusha magurudumu ya mbele hulazimishwa kufikia pembe ambazo hazikuundwa kuzimudu. Tena, kwa sababu shokomzoba hushikwa mahali fulani kati ya mwanzo na mwisho wa amu ya chini (mkono wa chuma unaounganisha gurudumu na chesisi), pete ya milimita 25 inaweza kuliinua gari kwa takriban milimita 50, na wanaodhani kwamba unene wa pete ndio kimo kitakachoongezeka hujikuta wamepita kiwango walichokusudia. Nyuma nako seti imeepuka vipande vya chuma vinavyowekwa kati ya ekseli na springi, ambavyo huipa ekseli nafasi ya kuzisokota springi kila dereva anapokanyaga mafuta au breki. Nimefurahi pia kukuta yu-bolti mpya, maana zile za zamani zimeshavutika zilipokazwa mara ya kwanza na hazifai kurudishwa.

Sasa nije kwenye breki. Pikapu nyingi zina vali iliyounganishwa na ekseli ya nyuma kwa fimbo, ambayo hupima umbali kati ya ekseli na chesisi ili kujua kama gari limebeba mzigo, kisha hupunguza au huongeza shinikizo la breki za nyuma. Ukiinua gari na kuiacha fimbo hiyo kama ilivyokuwa, vali itadhani gari ni tupu hata likiwa limejaa, na breki za nyuma zitapata shinikizo dogo kuliko linalohitajika. Kinachotakiwa ni kishikizo kidogo cha kuirudisha fimbo katika nafasi yake, kisha vali irekebishwe kwa kufuata vipimo vya mtengenezaji wa gari. Kishikizo hicho hakimo kwenye kasha, wala vali yenyewe haijatajwa popote kwenye kitabu. Hozi za breki na nyaya za vihisi vya ABS (mfumo wa kuzuia magurudumu yasijifunge wakati wa kufunga breki) nazo hazikutajwa, ingawa ni lazima zikaguliwe magurudumu yakiwa yamening'inia kabisa na usukani ukiwa umezungushwa hadi mwisho kila upande, zisije zikavutika. Natamani toleo lijalo lirekebishe jambo hili kabla ya jingine lolote.

Kazi ya kufunga yenyewe imeelezwa kwa uangalifu zaidi. Kitabu kinasisitiza, na ninakiunga mkono kwa nguvu zote, kwamba nati ya juu ya shokomzoba isilegezwe kamwe kabla koili haijabanwa kwa mashine inayofaa, kwa kuwa koili iliyokandamizwa ina nguvu ya kuua mtu. Gari likae juu ya stendi imara zilizowekwa chini ya chesisi, kwenye sakafu ngumu na tambarare. Jeki ibaki kwa kazi ya kupandisha na kushusha ekseli tu. Bolti za bushi zikazwe kikamilifu gari likiwa limesimama kwa magurudumu yake, la sivyo mpira utakaa umesokotwa na kuchanika mapema. Baada ya kilomita 500 hadi 1,000 bolti zote zikaguliwe upya kwa spana ya kupimia nguvu.

Pembe za magurudumu ya mbele (alaimenti) ni lazima zipimwe siku ile ile. Kwenye gari hili zilirudi ndani ya vipimo, lakini virekebishio vilikuwa karibu kufika mwisho, ndiyo maana nisingeshauri kupita milimita 50 bila kununua amu za juu za aina nyingine. Taa za mbele zishushwe, kwa kuwa sasa zinawamulika madereva wanaokuja.

Barabarani gari limetulia, japo kitovu cha uzito kimepanda na kona zinadai mwendo mdogo kuliko awali. Mnunuzi aelewe pia kwamba chesisi na tumbo la gari ndivyo vilivyoinuka. Difu ya nyuma iko pale pale, na ni matairi makubwa pekee yanayoweza kuipandisha. Mabamba ya nyuma huja kwa ugumu tofauti kulingana na mzigo, na hapo ndipo pa kuchagua kwa uaminifu: yale ya mzigo mzito yanafanya kazi nzuri sana gari likiwa limejaa, lakini likiwa tupu hurusha nyuma kiasi cha kupunguza mshiko wa matairi kwenye changarawe. Anayebeba mzigo mara chache achukue yale ya wastani.