TAHADHARI: Nondo za "mm 12" ambazo si 12. Wajenzi wa Unguja, pimeni kabla hamjalipa

Assalaam alaykum ndugu zangu. Kuna duka la vifaa vya ujenzi hapa Unguja linauza nondo za mm 10.5 kwa bei ya mm 12. Jina silitaji kwa sasa kwa sababu shauri letu halijesha, na mchezo wenyewe hauko kwake peke yake, kwa hivyo someni hata kama duka hilo hamlijui.

Nilichukua nondo 40 za nguzo na linta. Fundi wangu kuinua ya kwanza tu garini akasema, "Hizi nyepesi." Tukaazima mizani kwa mnunuzi wa vyuma chakavu, tukapima: nyingi zilikuwa zinacheza kwenye kilo 8.2. Nondo ya mm 12 yenye urefu wa mita 12 inatakiwa ifike kilo 10.7 hivi. Urefu ulikuwa kamili, tuliupima. Kilichopungua ni unene.

Mwenye duka nilipomrudia hakukana hata kidogo. "Sheikh, milimita moja na nusu tu hiyo, hata jicho haliioni."

Kweli jicho haliioni, na ndipo anapopatia riziki. Chuma unachonunua ni duara zima linaloonekana pale nondo ilipokatwa, na eneo la duara halipandi wala halishuki hatua moja moja pamoja na kipenyo. Linafuata kipenyo mara kipenyo. Kumi na mbili mara kumi na mbili ni 144, 10.5 mara 10.5 ni 110 na ushei. Kwa hiyo kipenyo kimepungua thumni, lakini chuma kimepungua karibu robo. Kwa nondo zangu 40 hizo ni kilo 98 hivi, sawa na nondo tisa nzima nilizolipia zikabaki kwake. Ingekuwa ni fedha tu, ningesema yameisha. Lakini zege halina nguvu ya maana ya kuvutwa, anayebeba mvuto ndani ya linta ni nondo, naye anabeba kwa kadiri ya eneo hilohilo. Robo ikiondoka kwenye chuma, imeondoka kwenye nguvu ya linta yako.

Na sisi tunajenga visiwani. Chumvi ikipenya kwenye zege, kutu huanza kula nondo pande zote. Ikila nusu milimita kila upande, nondo ya 12 inapoteza asilimia 16 ya chuma chake, ya 8 inapoteza asilimia 23. Nyembamba ndiyo inayoumia zaidi.

Mchezo wa pili nimeusikia papo hapo dukani, akiambiwa mama mmoja aliyekuja na orodha ya fundi wake: "Za 16 zimekwisha, nikupe mbili mbili za 8. Nane na nane si kumi na sita?" Hesabu ya kihuni hiyo! Nondo moja ya 16 ina eneo la milimita za mraba 201, ya 8 ina 50. Zinatakiwa nne, na hata hizo nne usizitie mpaka mhandisi wako akubali.

Msidanganywe pia na kipimo cha kubana anachokitoa mtoto wa duka. Akikibana juu ya zile mbavu za nondo, nyembamba nayo itasoma unene usio wake. Mizani haina mbavu. Chukua namba ya milimita, izidishe kwa yenyewe, gawa kwa 162, unapata kilo za mita moja. Kwa nondo ya mita 12 inakuja hivi: mm 8 kilo 4.7, mm 10 kilo 7.4, mm 12 kilo 10.7, mm 16 kilo 19. Viwango vinaruhusu upungufu wa asilimia chache, kwa hivyo msigombane na mtu kwa gramu. Asilimia 23 si gramu.

Mwenye nondo za namna hii asizitupe wala asizifunge. Wekeni vipande na risiti, pelekeni Taasisi ya Viwango Zanzibar (ZBS). Na kwenye risiti, kabla gari haijapakia, mwambie muuzaji aandike unene na kilo za kila nondo. Akikubali kuandika milimita akagoma kuandika kilo, nenda duka jengine.