Tathmini ya kozi ya uchumi wa afya iliyojengwa juu ya kazi ya Joseph Newhouse

Nimemaliza kozi ya mtandaoni ya majuma sita ambayo inafundisha uchumi wa afya kwa kufuata utafiti wa mtu mmoja, Profesa Joseph Newhouse, na nadhani uamuzi huo ndio ulionifikisha mwisho, kwani kozi mbili nilizolipia awali zilifungua kwa michoro ya mahitaji na ugavi nami nikaziacha njiani.

Wasifu wake unapitiwa haraka: kazi katika RAND, taasisi ya utafiti ya Marekani, kisha Chuo Kikuu cha Harvard. Utamu umo katika juma la tatu na la nne, ambapo tunachambua jaribio lake la bima ya afya lililoanza mwaka 1974 huko Dayton, Ohio, na baadaye kufanyika katika maeneo mengine matano ya Marekani. Familia ziligawiwa mipango ya bima kwa bahati nasibu. Nyingine zilitibiwa bure, nyingine zikachangia asilimia 25, 50 au 95 ya gharama, mpaka zifikie kikomo cha malipo yao kwa mwaka. Zoezi lililonigusa ni la kukokotoa bili ya mtoto anayeumwa sikio chini ya kila mpango, kwa sababu ukifika kwenye asilimia 95 unajikuta unajiuliza, kama mzazi yeyote, iwapo sikio haliwezi kusubiri hadi kesho.

Walio katika mpango wa asilimia 95 walitumia takriban asilimia 30 pungufu ya waliotibiwa bure, na kwa wastani afya yao haikuzorota, ingawa maskini wenye shinikizo la damu walinufaika na matibabu ya bure. Mhadhiri anastahili sifa kwa kusisitiza kwamba watu walipunguza huduma za lazima na zisizo za lazima kwa kiwango kinachokaribiana, jambo ambalo watetezi wa uchangiaji (na wapo wengi) hupenda kuliruka.

Kasoro zipo. Makala ya mwanauchumi Kenneth Arrow ya mwaka 1963, ambayo ndiyo chimbuko la taaluma hii, imepewa dakika nane tu. Faili ya takwimu ya juma la tano iligoma kufunguka, na jibu la wahudumu lilinifikia nikiwa nimeshavuka juma hilo. Mtihani wa mwisho nao unauliza miaka na majina, wala hauna hata swali moja kuhusu lile sikio.